Sahani ya Baba

Tangu Baba ahamie kwetu Ngamiani, hakuna jambo lililotugombanisha kama chakula chake. Mama alipofariki tulikaa kikao baada ya arobaini, tukakubaliana mzee asibaki peke yake Pangani. Kwa kuwa mimi ndiye niliye karibu, alikuja kwangu na sanduku lake, redio yake na mkeka wa kuswalia aliousuka Mama. Kaka yangu anaishi Dar es Salaam. Dada yetu ameolewa Muscat. Shangazi, dada yake Baba, amebaki Pangani, lakini anajua basi la alfajiri linapopita, na akisikia neno lisilomridhisha hufika kwetu kabla ya adhuhuri.

Baba ana miaka 78. Maisha yake ya kazi aliyamaliza akiwa karani wa bohari kwenye shamba la mkonge, na hesabu zake zilikuwa hazina doa. Mezani alikuwa hivyo hivyo. Hakuwa mtu wa kula kingi, ila alikijua anachokula: bada kwa mchuzi wa changu, mbaazi za nazi kwa mahamri asubuhi, pilau Ijumaa. Mama alikuwa akisema kwamba ukitaka kuziona hasira za mume wake mpikie kwa tui la pili, umwambie ni tui zito.

Kwetu akaanza kuacha kimoja kimoja. Kwanza nyama, akasema nyama ya siku hizi ngumu. Ikafuata mihogo ya kuchemsha. Kisha mahamri: aliyachovya kwenye chai hadi yakakatika, yakazama, akaacha kikombe na tope lake. Sote tukasema ni majonzi. Na majonzi yalikuwepo kweli. Mtu aliyekula na mwenzake zaidi ya miaka 50, ukimwekea sahani peke yake saa tatu usiku kwa sababu ndiyo saa ambayo nyumba yako inakula, tonge halimpiti.

Kaka aliposikia Baba hali, alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia. Mzee ana presha, alisema, kwa hiyo chumvi iondolewe kabisa jikoni. Dada akajibu kutoka Muscat kwamba nazi na mayai vina mafuta, viachwe. Binamu mmoja akaleta habari za wali na sukari, ingawa Baba hana ugonjwa wa sukari na hajawahi kuwa nao. Kila mmoja alikataza kitu kwa kuwa anampenda, na hakuna aliyejumlisha makatazo hayo ili aone kimebaki nini. Kilichobaki ni boga la kuchemsha, mchicha usio na chumvi na uji mweupe.

Nimeyaona haya kwenye nyumba nyingi na yananiuma. Mzee anakatazwa na watoto wake hadi anakosa cha kula. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na humo imo hata chumvi iliyo kwenye mkate. Chini ya kijiko ni jambo moja, kutotia kabisa ni jambo lingine. Tena umri unapokwenda pua hupoteza makali yake, na sehemu kubwa ya ladha tunayoisifu mdomoni huletwa na pua. Chakula kilichopooza kwangu mimi, kwake yeye kimekufa.

Basi siku moja sahani ikarudi tupu. Kesho yake tena. Wali umekwisha, mchuzi umekwisha, hata kipande cha kuku; vyote nilikuwa nimevirudisha bila kuliambia kundi la familia. Nilimpigia Shangazi simu, akapiga kigelegele.

Lakini kikoi cha Baba kilizidi kumzunguka. Saa yake ya mkono ilianza kuteleza hadi karibu na kiwiko kila alipoinua mikono kutia udhu. Mashavu yaliingia ndani. Mume wangu aliniuliza faraghani, "Huyu mzee anakula, chakula kinakwenda wapi?"

Jibu lilianza kwa harufu. Chumba cha Baba kilinuka uozo, sote tukajua ni panya amefia mahali. Asubuhi alipokwenda barazani na redio yake, mume wangu na binti wa kazi walitoa kitanda nje, wakainua godoro, wakasogeza kabati. Panya hakuonekana. Harufu ilitoka kwenye droo ya meza ndogo. Mlikuwa na tasbihi, barua za kiinua mgongo zilizofungwa kwa uzi wa mkonge, na nyuma yake vifurushi vya gazeti vilivyokunjwa kikarani, pembe kwa pembe. Nilifungua kimoja. Ndani mlikuwa na nyama iliyotafunwa, ikatafunwa tena, ikashindwa kumezwa. Ilikuwa imekauka ikawa nyuzi za kijivu, na katikati ya tonge ulionekana uwekundu mkavu ambao wakati ule sikuuelewa.

Mwanangu wa kiume, mwenye miaka minane, alipoona vile vifurushi akaanza kulia kabla hajaulizwa. Wali alikuwa akiula yeye. Babu yake alimwomba amsaidie, akamwambia wasiseme, nao wakawa wanasaidiana kila usiku. Ndiyo maana kaptula zake za shule zilikuwa hazifungi.

Nilimfuata Baba barazani, nikakaa chini kwenye mkeka. Nilimuuliza kwa nini. Akapunguza sauti ya redio, akaangalia barabarani kwa muda.

"Umetoka kazini umechoka, umepika kwa mkono wako," akasema. "Nikurudishie sahani imejaa, mwanangu, utalala vipi?"

Sikupata jibu. Nilimwomba tu aniambie anachotaka nimpikie, akasema hana hamu, basi, uzee. Neno hilo "uzee" ndilo lililotuchelewesha. Uzee hupunguza hamu kidogo, hilo ni kweli: mtu hutumia nguvu kidogo, tumbo hujaa upesi, kiu hupungua. Lakini mzee aliyekuwa akila na sasa hali ana sababu, na sababu hutafutwa. Mzee akipoteza sehemu 5 katika kila 100 za uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila mwenyewe kutaka, madaktari huona hiyo ni alama ya hatari. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo 3 tu, nazo hupotea ndani ya kanzu bila mtu kuziona.

Kaka alikuja na basi la usiku kutoka Dar. Alimwamkia Baba, akamtazama, akaingia jikoni na macho mekundu. Mkobani alikuwa na chupa ya dawa ya maji aliyoinunua kwenye duka la dawa karibu na kituo. "Hii ni dawa ya hamu," akasema. "Watu wananenepa nayo."

Ni kweli wananenepa nayo, na wanaoinunua zaidi ni wasichana wanaotaka umbo. Dawa yenyewe ni siproheptadini, dawa ya zamani ya mzio, na hamu ya kula ni jambo la pembeni linalofuatana nayo. Hufuatana nayo pia usingizi mzito, mdomo kukauka, choo kufunga, na kibofu kulegea kisiweze kusukuma mkojo. Baba ana tezi dume iliyovimba, na kwa miaka kadhaa amekuwa akimeza vidonge vyake. Hakuna aliyeuliza dukani, na hakuna aliyeulizwa.

Usiku wa kwanza Baba alikula nusu sahani. Kaka alinitazama kwa furaha ambayo sina moyo wa kuisema vibaya hata leo. Siku iliyofuata mzee alilala hadi jua likatoka, yeye ambaye hajapitwa na alfajiri tangu nimjue. Mchana alimwita Mama jikoni, akamuuliza kama samaki wameletwa. Jioni alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono miwili chini ya kitovu, jasho likimtoka, hataki kusema mbele yangu. Alimwambia mume wangu: tangu asubuhi hajakojoa. Tukaita bajaji.

Hospitali tulipitishwa dirisha la wazee, na daktari aliyekuwa zamu, binti mdogo kwa umri, hakupoteza muda. Mpira wa mkojo ulipoingia, zaidi ya lita moja ilitoka, na Baba akashusha pumzi ndefu akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti yake ya kawaida ambayo sikuwa nimeisikia kutwa nzima. Daktari akauliza dawa zote anazotumia. Kaka akatoa ile chupa mfukoni.

Daktari aliisoma mara moja tu. Alitueleza pole pole kwamba dawa hii haimfai mtu wa umri wa Baba. Mwaka 1991, daktari Mark Beers na wenzake huko Marekani walichapisha orodha ya dawa zinazowadhuru wazee kuliko zinavyowafaa. Orodha hiyo huhuishwa mpaka leo, na siproheptadini imo. Kwa mwenye tezi dume ni hatari mara mbili. Kaka alitoka nje, akasimama penye mwarobaini. Alikuwa ametumia fedha zake na usingizi wake kumtafutia baba yake tonge, na ninasikitika kwamba dukani hapakuwa na mtu wa kumuuliza swali moja: anayekunywa ana umri gani?

Asubuhi yule daktari alirudi, ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha. Alimpima Baba uzito: kilo 55. Kadi yake ya kliniki ya presha ilikuwa imeandikwa 60 mwanzoni mwa mwaka. Akachukua utepe wa fundi cherehani, akauzungusha kwenye shavu la mguu, penye unene kuliko pote. Ulisoma chini ya sentimita 31, akasema kipimo hicho kwa mzee ni ishara kuwa misuli inaliwa na mwili wenyewe. Aliagiza damu, sukari na makohozi ya kupima kifua kikuu, kwa kuwa kukonda bila sababu huku kwetu hakuachwi hivi hivi. Yote yalirudi salama.

Kisha akasema, "Babu, naomba ufungue kinywa nione."

Baba alikataa. Alikataa kwa adabu, akigeuza uso ukutani. Halafu akanitazama mimi, na daktari akaelewa kabla yangu. Akaniomba nitoke, akavuta pazia. Nilisikia maji yakimiminwa kwenye bakuli, na sauti ya kitu kigumu kikigusa bati.

Baada ya muda aliniita ndani kwa idhini ya Baba. Mzee alikuwa amejifunika kinywa kwa pembe ya shuka. Meno yake ya bandia ya juu yalikuwa kwenye bakuli. Daktari akaniangazia kwa tochi: kwenye ufizi mlikuwa na kidonda kirefu chekundu, sawasawa na ukingo wa bamba la meno hayo, na kaakaa lote lilikuwa na utando mweupe wa fangasi. Nikaukumbuka ule uwekundu kwenye vifurushi.

Mambo yote yakajipanga hapo. Meno yale alitengenezewa alipostaafu. Mfupa wa taya usio na meno huendelea kusinyaa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo bamba lililokaa vizuri wakati ule sasa lilikuwa linacheza na kusugua. Kwa ajili ya tezi dume, Baba alikuwa amepunguza kunywa maji ili asiamke amke usiku na kutusumbua, mdomo ukakauka, na mdomo mkavu hauna mate ya kulainisha bamba. Tena akawa analala na meno hayo. Meno ya bandia yasiyotolewa usiku huzaa fangasi chini yake. Kila tonge la nyama lilikuwa linakanyaga kidonda.

Kwa nini alilala nayo, hilo Shangazi ndiye aliyetueleza. Alifika hospitali na kapu lake, akasikiliza, akakaa kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

"Wifi yangu ndiye aliyekuwa akimtolea," akasema. "Kila usiku taa ikishazimwa. Anayasugua kwa mswaki, anayaweka kwenye kikombe cha bati cha bluu, na alfajiri anampa mkononi kabla hajafungua mlango. Mimi ni dada yake, nimezaliwa naye tumbo moja, na sijamuona bila meno hata siku moja."

Kwa hiyo Mama alipoondoka, hapakuwa na mtu duniani ambaye Baba angeweza kumwonyesha kinywa chake. Hakuwa akikataa chakula changu. Alikuwa akilinda heshima yake kwa njaa. Tangu siku hiyo nimewaambia wenzangu wote wenye wazazi: kabla ya dawa, kabla ya uji wa lishe, mtafute mtu ambaye mzee hatamwonea haya, amwangalie kinywani.

Kazi hiyo kwetu aliichukua mume wangu. Mimi ni binti yake, haikunifaa, na Baba asingekubali. Wanafunga mlango baada ya isha wakiwa wawili, na yanayozungumzwa humo siyaulizi. Kikombe cha bluu Shangazi alikitoa Pangani.

Dawa ya fangasi, nistatini, ilimaliza utando. Daktari wa meno alisaga ukingo wa bamba kama nafuu ya muda, akachukua vipimo vya meno mapya, ambayo kaka analipia. Ameomba alipe yeye, na hakuna aliyembishia. Maji Baba anakunywa kwa wingi kuanzia asubuhi hadi alasiri, kisha anapunguza, kwa hiyo usiku analala na mdomo haukauki. Tezi dume anaitazama daktari wake, kwenye kliniki, kwa tarehe.

Jikoni ndiko kulikokuwa na kazi. Daktari alisema mzee anahitaji protini zaidi ya kijana, kiasi cha gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na aliyekonda pengine zaidi. Kwa Baba ni kama gramu 55 hadi 66. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe kikubwa cha maziwa 8, kipande cha samaki cha gramu 100 kina karibu 20. Uji mweupe tuliokuwa tukimpa ulikuwa karibu maji matupu, unajaza tumbo dogo na kuliacha na njaa. Sasa asubuhi anakunywa uji wa ulezi uliopikwa kwa maziwa, na karanga zilizosagwa laini. Mayai yamerudi. Nazi imerudi, kwa kiasi, kwa sababu mtu aliyebaki na kilo 55 anahitaji mafuta hayo kuliko anavyoyaogopa.

Shangazi alikaa kwetu kipindi chote hicho na alileta kinu chake, kinu changu hakukiamini. Dagaa wakavu aliwachambua vichwa na matumbo, akawakaanga bila mafuta hadi wakawa wepesi mkononi, akawatwanga, akawachekecha kwa chujio la chai. Unga ule, ambao zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, huingia kijiko kimoja kwenye mchicha au kwenye mbaazi na hautafunwi hata kidogo. Mbaazi alizilowesha usiku kucha, akazichemsha hadi zikapondeka kwa mwiko, ndipo akatia tui. Nguru alimpaka tangawizi, kitunguu saumu, bizari na ndimu, akamchambua miba kwa vidole. Chumvi alitia kwa kijiko alichokipima mbele ya simu ili Muscat waone. Ndimu na tangawizi ndizo zilizomwamsha Baba. Tonge la kwanza alikaa nalo mdomoni, akafumba macho, akaongeza.

Saa ya kula tumeibadilisha. Nyumba nzima inakula baada ya magharibi, kwenye sinia moja, na mwanangu hukaa ubavuni kwa babu yake kama zamani. Yeye na mume wangu ndio wanaomsogezea minofu upande wake, bila maneno. Kati ya milo kuna mtindi saa nne asubuhi na ndizi mbivu alasiri, kwa sababu tumbo la mzee hupokea kidogo mara nyingi kuliko kingi mara moja. Dada yetu alituma halwa ya Oman kwa mtu aliyekuwa akija likizo. Haihitaji meno, akasema, na ni kweli. Baba hula kijiko kimoja na kahawa, akimsifu binti yake kwa kila anayepita barazani.

Kliniki iliyopita mizani ilisoma kilo 58. Kaka alisikilizishwa kwenye simu, akaomba namba irudiwe.

Juzi Baba ametoka na ombi jipya. Anataka pweza. Nilimwambia tusubiri meno mapya, akasema pweza akipondwa vizuri hana haja ya meno, na akamtuma mume wangu Sahare asubuhi na mapema kuwahi ngalawa. Shangazi anasema pweza huchemshwa kwa maji yake mwenyewe, chumvi mwisho, moto mdogo, basi. Baba anasema yeye ni mtoto wa Pangani na pweza hupigwa kwenye jiwe kwanza, na anayebisha hajawahi kuvua. Wamebishana tangu chai, sauti zinafika barabara ya pili, na jiwe tayari limeshaoshwa.